Nani Amwambie Mtoto "Sogeza Gunia"? Kisa cha Sauti ya Gemu la Hesabu Mbeya

Mtoto alikishika kishikwambi kwa mikono miwili, kama ashikavyo bakuli la uji wa moto. Sauti ikamwambia: "Buruta gunia la kwanza hadi kwenye mizani iliyopo upande wa kulia wa skrini." Ilikuwa sauti nzuri, nzito, iliyonyooka. Alisikiliza mpaka mwisho, na ilipokwisha akaendelea kukitazama kioo kama anayengoja habari inayofuata. Kisha akageuka kumwangalia mwalimu wake. Gunia lilikuwa palepale lilipoanzia.

Ilikuwa mwezi wa tatu, katika shule moja ya msingi upande wa Uyole, na mvua ilikuwa imeanza kugonga bati. Wenzake waliokaa benchi lile walifanya vivyo hivyo. Wawili tu waligusa kioo, na mmoja wao aligusa pasipotakiwa.

Ninaandika kisa hiki kwa sababu nilikuwa miongoni mwa walioichagua sauti ile, na tuliichagua kwa moyo wote. Kazi yangu ni kurekodi: matangazo ya maduka, kwaya, vipindi vya redio. Vijana watatu wa hapa mjini walikuwa wametengeneza gemu la kuwafundisha watoto wa darasa la nne sehemu, yaani nusu, robo, theluthi na ndugu zake. Walinijia wakiwa wamekwisha maliza kila kitu isipokuwa sauti ya kuelekeza. Kwao ilikuwa kazi ya mwisho, kama kupaka rangi nyumba iliyokwisha kuezekwa, na mimi niliipokea hivyohivyo. Hapo ndipo tulipokosea wote wanne.

Gemu lenyewe ni la shamba na soko. Mchezaji ana shamba la viazi mviringo Isyonje, barabara ya kwenda Tukuyu. Anavuna, anafungasha, anapakia kwenye gari, anashusha Mwanjelwa. Sehemu zinaingia kila hatua: robo ya shamba imepata ukungu, theluthi ya mzigo inabaki kuwa mbegu, mteja anataka nusu gunia. Maandishi kwenye kioo ni machache sana, na vijana walikusudia iwe hivyo, kwa kuwa mtoto ambaye bado anasoma kwa kukwamakwama hawezi kusoma maelekezo na kuitazama mizani kwa wakati mmoja. Katika hili walikuwa na msingi mzuri. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio ya miaka mingi kwamba maelezo yanayokwenda na picha hueleweka vizuri zaidi yakisemwa kuliko yakiandikwa pembeni ya picha hiyo, maana jicho haligawanywi mara mbili. Kwa hiyo dakika tatu za mwanzo zilibebwa na sauti peke yake, sentensi kumi na nne. Sauti isipoeleweka hapo, mtoto halifikii shamba.

Kwamba sauti na kishikwambi vinaweza kubeba mzigo mkubwa kiasi hicho, Tanzania tuna ushahidi wake. Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji vya Mkoa wa Tanga, yalifanyika majaribio ya shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto wengi wasiokuwa shuleni walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa miezi 15, bila mwalimu wa kuwasimamia. Mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Kila ninapoyafikiria majaribio yale nawaza jambo moja: pale kijijini hapakuwa na mwalimu wa kugeukiwa. Mtoto wetu wa Uyole alikuwa naye, naye aligeuka. Angekuwa peke yake, angekiweka kile chombo chini akaenda kucheza.

Sauti ya redio

Ukimwuliza mtu mzima hapa kwetu sauti nzuri ni ipi, atakutajia ya mtangazaji. Kijana tuliyempata alikuwa wa namna hiyo hasa: sauti inatoka kifuani, kila "dh" na "gh" iko mahali pake, sentensi zote kumi na nne amezisoma mara moja bila kukwama. Tulipoisikiliza kwenye spika kubwa za chumba changu tulinyamaza. Hakuna aliyesema "tujaribu nyingine".

Baada ya siku ile ya Uyole nilikaa na rekodi zake usiku kucha. Kasoro ya kwanza ilikuwa ya spika. Sauti ya mwanamume huanzia chini, mitetemo kati ya 85 na 180 hivi kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayoipa unene. Spika ya kishikwambi ni ndogo mno, haiwezi kuisukuma mitetemo ya chini namna hiyo. Unene tulioupenda ulibaki chumbani kwangu. Kilichofika darasani ni sehemu yake ya juu tu, nyembamba, na juu yake mvua inapiga bati. Nilipaswa kulijua hilo mapema. Nilikuwa nimesikiliza kwenye chombo changu, si kwenye chombo cha mtoto.

Kasoro ya pili ilikuwa ya mwendo. Tulikuwa tumejiridhisha kwamba anasoma taratibu, kwa sababu tulihesabu maneno kwa dakika na yalionekana machache. Lakini Kiswahili hakipimwi hivyo. "Utakapoyahamisha" ni neno moja, lina silabi nane, na ndani yake mna mtu, wakati, kitu na tendo. Kuhesabu maneno kunazifaa lugha zenye maneno mafupi mafupi. Nilipohesabu silabi nikaona kijana wetu anakwenda kama sita kwa sekunde, mwendo wa taarifa ya habari.

Ya tatu ndiyo iliyonifikirisha zaidi, na haikuwa ya ufundi. Mwalimu wa darasa aliisema wakati tunakunja nyaya: "Wanamsikiliza kama wanavyosikiliza redio nyumbani. Redio haimngoji mtu afanye kitu." Ni kweli kabisa. Katika nyumba nyingi tulizokulia, taarifa ya habari ikianza watoto huambiwa nyamazeni, na mikono inatulia. Sauti ile imeshawafundisha watoto adabu yake: ikisema, wewe kaa kimya mpaka imalize. Sisi tulikuwa tunataka mikono itembee, tukaleta sauti inayoituliza. Mtoto hakukosa akili wala hakukosa kuelewa. Alitii alichozoea kutii.

Kompyuta, kisha mtoto

Vijana wakapendekeza sauti ya kompyuta, ile unayoipa maandishi ikayasoma. Siidharau njia hii hata kidogo. Ukibadili sentensi leo, dakika tano baadaye unayo mpya. Hakuna mafua, hakuna mvua, hakuna nauli. Utafiti pia haujasimama mahali pamoja. Majaribio ya Mayer na wenzake ya 2003 yalionyesha watu wakijifunza vizuri zaidi kwa sauti ya binadamu kuliko ya mashine, lakini mwaka 2017 Craig na Schroeder walionyesha kwamba sauti za mashine za kizazi kipya zinaweza kulingana na ya binadamu. Basi tukaijaribu kwa nia njema.

Iliangukia kwenye mambo madogo ya Kiswahili. Katika gemu kuna barabara ya kwenda Tukuyu, na kuna pongezi "Umepanga barabara!" Msemaji yeyote anajua kuwa ya kwanza inakaziwa kwenye silabi ya tatu na ya pili kwenye silabi inayotangulia hiyo. Kwenye karatasi zinafanana herufi kwa herufi, na sauti tuliyoijaribu ilizisoma sawa. Watoto wakauliza umepanga barabara gani. Hilo lingeweza kurekebishwa kwa kubadili neno. Lililotushinda ni jingine: "Vizuri sana" na "Jibu si sahihi. Rudia" vilitoka kwa uchangamfu uleule. Msichana mmoja aliyekosea mara ya tatu alikirudisha kishikwambi mezani akauliza, "Mbona anafurahi wakati nimekosa?"

Swali lile sijalisahau. Mtoto akikosea hesabu anatafuta kwanza kujua kama amechukiwa au bado anapendwa, ndipo arudi kwenye hesabu. Jibu la hilo halimo katika maneno, limo katika namna yanavyosemwa.

Tulijaribu pia sauti ya mvulana wa darasa la saba. Walimtii haraka, wakacheka naye, na baada ya siku mbili wakaanza kumbishia, kwa sababu mwenzao anajua nini. Alichoka baada ya saa moja ya kurekodi, na kwa umri wake sauti ingevunjika kabla hatujamaliza hatua ya pili. Tuliacha.

Mama wa viazi

Yeye hakuja kwa ajili ya sauti. Vijana walikwenda Mwanjelwa kupiga picha za magunia ili michoro ifanane na kweli, na mmoja wao akamwonyesha mama mmoja muuza viazi gunia walilochora, limejaa kupita mdomo, limeongezewa kichwa na kufumwa kwa kamba. Kijana alikuwa amewasha simu inarekodi, kwa hiyo maneno yao ninayo.

"Mwanangu, hili gunia lako ni lumbesa."

"Ndivyo tunavyoyaona sokoni, mama."

"Unayaona, ndiyo. Sasa niambie, nusu ya lumbesa ni kiasi gani? Kila mtu ana lumbesa yake. Wewe utamfundishaje mtoto nusu ya kitu kisicho na mwisho?"

Nilisimamisha rekodi pale nikairudia. Wakulima wa viazi wa nyanda hizi wanaijua lumbesa kwa maumivu, na Wakala wa Vipimo wanaipiga vita, lakini mama huyu alikuwa ameigusa hesabu yenyewe katika mzizi wake. Sehemu haina maana mpaka kizima kijulikane. Robo ya nini? Theluthi ya nini? Michoro yetu ilikuwa inamwambia mtoto akate kizima ambacho hakina ukubwa. Magunia yakachorwa upya siku ileile, midomo imeshonwa sawasawa, yote yakilingana.

Nilikuja kutambua jambo la pili baada ya kuirudia rekodi mara kadhaa. Nilikuwa naisikiliza kwenye spika ya simu, nyuma yake kuna makuli wanaopiga kelele, bajaji na muziki wa duka, na sikuwa nimekosa hata neno moja. Hakuwa anapaza sauti. Mtu aliyeuza sokoni miaka mingi anajua kusema kwa vipande vifupi, kulikalia neno lile linalobeba maana, kisha kunyamaza amwache mteja ajibu. Nilihesabu silabi zake: nne kwa sekunde, na kati ya kipande na kipande anaacha nafasi ya pumzi mbili. Ile nafasi ndiyo maelekezo yetu yalikuwa yanaikosa. Ndani yake ndimo mkono wa mtoto unamotembea.

Tulimwomba, akakubali kujaribu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mama huyu ni wa Rungwe, na Kinyakyusa ndiyo lugha ya mama yake. Kinyakyusa hakina "th" wala "dh", na "r" ya Kiswahili humo hugeuka "l". Alisema "selusi". Alisema "lobo". Katika gemu ambalo somo lake lote ni theluthi na robo, hilo si jambo dogo, na mwalimu alikataa bila kuzunguka. "Mtoto ataandika alichosikia," alisema. "Na kwenye mtihani hatasahihishwa na mama huyu." Kijana aliyeandika programu akamjibu kwamba watoto wale wenyewe wanasema hivyo, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanasikia sauti ya kwao ikifundisha hesabu badala ya sauti inayotoka Dar es Salaam. "Mwalimu, tukimwondoa huyu tutarudi kwa mtangazaji."

Niliwasikiliza wote wawili nikaona kila mmoja ana haki juu ya kitu tofauti, na neno "lafudhi" ndilo lililokuwa linatuchanganya kwa kubeba vitu viwili. Kuna mkondo wa sauti, ule unaokuambia kabla mtu hajamaliza sentensi kwamba huyu ni wa Tukuyu, huyu wa Iringa, huyu wa Tanga. Na kuna matamshi ya vile vitamkwa vinavyotenganisha neno na neno: mahali na mahari, kula na kura. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na tangu Kamati ya Lugha ya 1930 hadi BAKITA iliyoanzishwa 1967 kimesimamiwa hivyo. Ni haki ya kila mtoto wa nyanda za juu kukipata kikamilifu. Lakini hakuna mtoto wa Isyonje aliyezaliwa akiongea kwa mkondo wa Unguja, na kuongea kwa mkondo wa kwao si kosa linalosahihishwa.

Yale majaribio ya 2003 niliyoyataja yalilinganisha pia Kiingereza cha lafudhi ya kawaida ya Marekani na Kiingereza chenye lafudhi ya Kirusi, na ile ya kawaida ikafanya vizuri zaidi. Mtu akiyasoma harakaharaka atasema, basi, leteni lafudhi sanifu. Mimi nayasoma kwa swali lililo ndani yake: ni sauti ipi iliyo ngeni kwa huyu anayesikiliza? Kwa wanafunzi wa Marekani, Mrusi alikuwa mgeni. Kwa mtoto wa Uyole, mama wa Rungwe anayeuza viazi si mgeni hata kidogo.

Madhara ya kweli yalikuwa mahali pamoja, pale neno linaposemwa na kuandikwa kwenye kioo wakati uleule. Jicho linasoma "theluthi", sikio linapokea "selusi", na mtoto anayejikokota kusoma anadhani ni vitu viwili. Hapo mwalimu alikuwa sahihi kabisa.

Hatukuwa tumemwuliza mama mwenyewe. Tulipomweleza, tukiogopa atachukia, alisema, "Mimi shule niliishia la saba, na hiyo 'th' mwalimu wetu mwenyewe hakuwa nayo. Nifundisheni." Mwalimu akakaa naye alasiri mbili. "Weka ulimi katikati ya meno, mama, kisha upulize kidogo." Maneno yenyewe hayakuwa mengi, hayazidi kumi, yote ya hesabu. Alasiri ya pili aliitamka "theluthi" vizuri kuliko mimi. Kila kitu kingine tulikiacha kama kilivyo: mkondo wake, "haya" yake ya kuanzia sentensi, namna anavyoishusha sauti mwishoni kama anayekukabidhi kitu mkononi.

Maneno yalibadilika kinywani mwake

Sentensi zetu kumi na nne zilikuwa za karatasi. Tulijua hivyo pale alipojaribu kuzisema. "Buruta gunia hadi kwenye mizani iliyopo upande wa kulia wa skrini" ilimkwama. Akauliza maana yake, tukamwonyesha kwa kidole, akasema: "Haya. Liguse gunia lako. Lisogeze mpaka kwenye mizani." Sentensi moja ikawa mbili baada ya "haya", na kila moja ina tendo moja. "Bofya" ikawa "gusa", kwa kuwa hakuna kinachobofyeka kwenye kioo kilicho bapa. "Kamilisha zoezi" ikawa "maliza kupakia".

Ule "lako" wa "gunia lako" hatukuupanga, lakini nilipousikia nilikumbuka jaribio jingine la Mayer na wenzake, la 2004, kuhusu namna mapafu yanavyofanya kazi. Walibadilisha jambo dogo tu katika maelezo, wakasema "mapafu yako" badala ya "mapafu", na waliosikia "yako" wakaweza zaidi kulitumia walilojifunza. Mama wa sokoni haambii mteja "viazi". Anasema "viazi vyako hivi hapa" kabla hujalipa.

"Mwanangu" ilizua mjadala wake. Mwalimu alisema darasani hawaitwi hivyo. Ni kweli, ila gemu si darasa, na kwa Kiswahili mwanamke wa makamo akimwita mtoto yeyote mwanangu hakuna anayeshangaa. Niliyasikiliza majaribio nikaona kwamba likirudiwa kila sentensi linakuwa kama chumvi iliyozidi. Tulilibakiza mara tatu tu, na zote tatu ziko mahali pamoja: mtoto anapokosea.

Sauti ya kukosea ndiyo tuliyoifanyia kazi zaidi ya nyingine yoyote. Mwanzoni karatasi yetu ilisema "Jibu si sahihi. Rudia." Mama alikataa kuisema. Alitaka kujua mtoto amekosea vipi. Amepakia magunia machache? Amepakia mengi? Basi mwambie hivyo. Ikawa: "Bado kidogo, mwanangu. Hesabu tena, gunia moja limebaki chini." Na nyingine: "Umezidisha. Shusha moja." Vijana walilazimika kuandika upya sehemu nzima ya programu ili gemu lijue kosa ni la namna gani, kazi ya wiki mbili, kwa sababu sauti iliomba kujua. Tungekuwa tumeanza na sauti, wiki zile mbili zisingepotea.

Kurekodi, na haki yake

Tulirekodi mwezi wa sita, mvua zimekwisha na baridi imeingia. Chumba kilizungushiwa magodoro na mablanketi mazito, dirisha likafungwa, kinasa sauti kikawa shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipulize. Hakusimama mbele ya karatasi. Tulimleta binti wa jirani, darasa la nne, akaketi mbele yake na kishikwambi, na mama akawa anamwelekeza yeye kweli. Kila sentensi ilisemwa mara tatu, na iliyochaguliwa karibu kila mara ilikuwa ile aliyoisema huku anamtazama mkono.

Kila sentensi iliwekwa kwenye faili lake, ili mtoto akigusa kitufe cha kurudia asikie ileile moja tu. Nilikata mitetemo ya chini ya 100, ambayo spika ile ingeshindwa nayo vyovyote vile, nikasawazisha ukubwa wa sauti kati ya faili na faili. Tulihifadhi kwa chaneli moja ya sauti, kilobiti 64 kwa sekunde, kama kilobaiti 480 kwa dakika, maana walimu wengi wanapokea gemu kwa bando la simu. Kabla ya kukubali chochote tulikisikiliza kwenye kishikwambi kilekile, ndani ya jiko lenye bati lisilo na dari.

Makubaliano naye tuliyaandika. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona sauti za watu zikirekodiwa kwa soda na nauli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawatambua watendaji pamoja na watunzi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya ridhaa kuwa jambo la kuzingatia. Karatasi yetu inasema sauti ni ya gemu hili tu, inataja malipo ya kila hatua mpya, na inakataza kuitumia kutengeneza sauti ya kompyuta inayofanana na yake. Alisomewa mbele ya mwanawe wa kiume, akauliza maswali mawili, akatia sahihi.

Darasani tena

Tulirudi Uyole mwezi wa saba, watoto wakiwa ndani ya masweta. Yule wa kwanza, wa bakuli la uji, alikuwapo. "Haya. Liguse gunia lako." Akaligusa. "Lisogeze mpaka kwenye mizani." Akajibu kwa sauti, "Haya, mama," na gunia likaenda. Karibu benchi zima walikuwa wanaitikia. Hakuna aliyekuwa amewaambia waitikie. Mwalimu alisimama dirishani, na sikumwona akigeukiwa na mtoto hata mmoja katika zile dakika tatu.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza tulijaribu tena chini ya bati, na sauti ilipita, ingawa mvua ilipozidi sana hakuna sauti ingepita. Tuliongeza taa ndogo inayowaka juu ya kitu kinachosemwa. Taa hiyo ilitufaa kwa mtoto mmoja asiyesikia vizuri, na kwa ajili yake yakaongezwa maandishi: si sentensi nzima, neno lile moja tu la hesabu.

Tulilipeleka pia katika shule moja nje kidogo ya mji wa Iringa, kwa watoto wanaoamkiana "Kamwene". Nilikuwa na wasiwasi kwamba Rungwe ingekuwa mbali kwao. Mvulana mmoja alisikiliza sentensi mbili akasema, "Huyu mama siyo wa huku," akaendelea kupakia viazi. Nilimwuliza baadaye alijuaje. Akasema anaongea kama akina mama wanaoshuka kwenye mabasi ya Mbeya. Theluthi aliipata.

Kuna gharama ambayo sauti ya mtu itakuwa nayo daima, na tumeshaionja. Vijana walihamisha mizani kutoka kulia kwenda kushoto, na sentensi moja ya hatua ya kwanza ilikuwa bado inataja kulia. Ilibidi tumwombe arudie maneno manne. Ulikuwa msimu wa kupanda, alikuja na mafua, na sentensi ile mpya ukiisikia kati ya zile za mwezi wa sita unaijua. Bado imo. Tangu hapo hatumpi sentensi inayotaja upande. Tunasema "mizani inayowaka", na taa inakwenda popote mizani iendapo.

Hatua ya pili ni ya desimali. Tutairekodi mwezi wa sita, akishamaliza kuvuna mahindi yake. Ameomba apelekewe maneno mapema na mwalimu aje nayo mwenyewe, kwa sababu neno "desimali" anataka kulizoea kabla hajakutana na kinasa sauti.